Sehemu ya Pili

Mara ya kwanza tulimbeba Hombolo,
kwa elfu tano kila mtu, na soda.
Jeneza la kukodi, rangi imepakwa asubuhi ileile,
ikatushika mabegani; shati lile ninalo hadi leo.
Ndani alilala mwenyewe, Mzee Kombamoyo,
maana mwongozaji alikataa mawe:
mawe, alisema, hayana uzito wa mtu,
mabega yenu yatasema uongo.

Tukapanda kijilima, mizabibu kushoto,
na chini ya ubao nikasikia:
"Vijana, taratibu. Sijala tangu jana."
Nikacheka.
"Kata! Rudieni!"
Tulimzika mara saba siku ile.
Ya saba, jua limeshachoka,
akatoka, akajikung'uta vumbi, akauliza
nani ana kiberiti.

Nyumbani aliitwa Lameki Mbogoni,
fundi baiskeli, Kibaigwa, nyuma ya mizani ya mahindi.
Kwenye filamu alikuwa mla mirathi,
na mama wa dengu sokoni akamnyima chenji:
"Mrudishie kwanza yatima shamba lake!"
Hakubishana.
Kesho yake alirudi, kofia mkononi,
akaomba radhi kwa dhambi
iliyoandikwa na mtu mwingine, kwenye daftari la mtu mwingine.
Shamba nimerudisha, mama, akasema.
Akapimiwa dengu, na nyongeza juu.

Na Bi Tabitha Nyamwaluko,
mkwe mkali wa kila Ijumaa usiku,
ambaye mchana alifundisha chekechea Veyula
na kuwafunga watoto kamba za viatu:
yule alijua kulia kwa jicho moja,
la kushoto, lililoelekea kamera.
La kulia, alisema, nalitunzia misiba ya kweli.
Alipotutoka, Machi, kabla mtama haujakomaa,
Kombamoyo alilia kwa yote mawili
na hakuna aliyempiga picha.

Halafu Agosti.
Upepo wa Agosti mnaujua, wa kung'oa mabati na maneno.
Ardhi ngumu, sururu zinatoa cheche,
kipaza sauti kinakohoa kuliko mchungaji.
Wengine walikuja wakitabasamu, siwalaumu,
wameshamwona akizikwa mara nyingi
na wiki inayofuata yuko hai, anadai kodi.
Tukaitwa tulewale, tuliobaki wanne,
mvi zimetuingia. Tukainua.

Alikuwa mwepesi.
Hilo sikulitarajia.
Sukari ilikuwa imemla polepole, kama mchwa na boriti,
na mabega yangu yakaanza kusema uongo,
yakajikunja kwa uzito usiokuwepo.
Nikainamisha sikio kwenye ubao.
Nilingoja, sioni haya kusema, nilingoja
hadi tumefika, hadi kamba zimeshuka,
hadi udongo wa kwanza.
Hakuna aliyesema kata.
Hakuna aliyesema rudieni.

Mtoto mmoja, kandambili moja mkononi,
akauliza kwa sauti ya kujaza makaburi:
"Sehemu ya pili inatoka lini?"
Mama yake akamfinya.
Mchungaji akafungua mdomo, akaufunga,
akafunua Biblia mahali pengine kabisa.

Usiku ule televisheni ikamrudisha bila hodi.
Mke wangu akaongeza sauti, akaacha sahani sinkini.
Yumo, amekaa kigodani, anakula ugali na mlenda,
ule mlenda unavutika, anaukata kwa kidole
kama alivyoukata nyumbani kwetu,
ananyang'anya mashamba huku ametafuna.
Mla mirathi yule yule. Tukamtukana, mke wangu na mimi,
tukamtukana vizuri, kwa mapenzi,
hadi akafa, akabebwa, na pale kwenye kijilima,
wa mbele kulia, kijana mwembamba mwenye shati la rangi,
anabana midomo asicheke.

Koti la msibani lilikuwa bado mwilini.
Mfukoni, kiberiti.
Sivuti sigara. Sikumbuki nilikinunua saa ngapi.